Uliza Mfamasia: Mitishamba ya Magoti na Kopo la Jirani

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 63. Magoti yanamsumbua tangu zamani, na anatumia pia dawa za shinikizo la damu. Kwa muda mrefu amekuwa akinywa maziwa yenye unga wa manjano, akipata nafuu kidogo. Miezi mitatu iliyopita jirani alimletea kopo la vidonge vinavyosemekana kuwa ni mitishamba mitupu, na baada ya siku mbili maumivu yakaisha kabisa. Sasa uso wake umejaa na presha imepanda. Muuzaji anasema hizo ni sumu zinazotoka mwilini. Je, ni kweli? Na manjano ayaache? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, mfikishie mama pole zangu. Nitaanza na kopo, kwa kuwa manjano yanaweza kusubiri. Sifahamu mmea wowote unaomaliza kwa siku mbili maumivu ya magoti ya miaka mingi. Mitishamba iliyopimwa kitaalamu kwa maradhi haya, pale inaposaidia, huleta nafuu ya wastani baada ya wiki kadhaa. Nafuu ya ghafla kiasi hicho, ikifuatwa na uso kujaa na presha kupanda, inanifanya nishuku kwamba ndani ya vidonge hivyo mna dawa ya hospitali isiyoandikwa kwenye lebo, hasa steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni za mwili. Jambo hili limekwisha kutokea kwingine: mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari zaidi ya moja kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Sisemi kwamba mama anameza hivyo hivyo, bali dalili zake zinafanana mno na za mtu anayemeza steroidi bila kujua, na habari ya sumu kutoka mwilini ni ya kibiashara tu.

Hata hivyo asiviache ghafla kabla ya kuonana na daktari. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na mtu anayemeza steroidi kwa miezi kadhaa tezi hizo hupunguza kazi kwa kuwa mwili unapata homoni ya aina hiyo kutoka nje. Akikatiza mara moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, na presha kushuka hadi akazirai. Mpeleke hospitali leo au kesho, na kopo lenyewe mkononi, apimwe presha, sukari na figo, kisha daktari aamue namna ya kumpunguzia hatua kwa hatua. Figo nazitaja kwa makusudi, kwa sababu diklofenaki, kama imo katika vidonge hivyo, ikichanganyika na baadhi ya dawa za presha huweza kuziumiza. Mkimaliza, toeni taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, maana bila shaka mama si mteja pekee wa muuzaji huyo.

Sasa manjano. Kiini chake kinachopunguza uvimbe ni kurkumini, ambayo ni takriban asilimia 3 tu ya unga, hivyo kijiko cha chai chenye gramu 3 hakifikishi hata miligramu 100, wakati majaribio mengi ya maumivu ya magoti yametumia kati ya miligramu 500 na 1,500 kwa siku. Tena hufyonzwa kwa shida sana, na ndiyo maana watengenezaji wa kapsuli huongeza piperini ya pilipili manga. Maziwa ya mama, basi, ni chakula kizuri na si dawa ya kutegemewa. Anaweza kuendelea nayo, ingawa ningependelea awe mwangalifu na manjano yanayong'aa kupita kiasi, kwa kuwa mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ya Bangladesh, hata yakiwa mazima, yalivyokuwa yakitiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili yang'ae. Kapsuli zenye nguvu ni habari nyingine. Zimewahi kuumiza ini la baadhi ya watumiaji, kiasi kwamba mwaka 2022 Wizara ya Afya ya Italia iliagiza ziwekewe onyo, na hazimfai mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au mwenye mawe ya nyongo bila ushauri wa daktari.

Muulizeni daktari pia ni ugonjwa gani hasa. Magoti yaliyolika gegedu kwa umri, jongo na baridi yabisi ni maradhi matatu yenye matibabu tofauti, na baridi yabisi ikicheleweshwa kwa kunywa mitishamba huharibu viungo moja kwa moja. Ikiwa ni gegedu, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, kupunguza uzito kama umezidi, na jeli ya diklofenaki ya kupaka vina ushahidi mzito kuliko kopo lolote nililowahi kuliona rafuni.

SWALI: Hapa Maskati watu huloweka ubani wa Dhofar usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi kwa ajili ya viungo. Je, ni sawa na kapsuli za boswelia za famasi? – Msomaji, Oman

JIBU: Si sawa. Ubani wa Dhofar hutoka kwenye mti wa Boswellia sacra, ilhali majaribio mengi ya magoti yalifanywa kwa utomvu wa Boswellia serrata wa India, uliochujwa ukabakizwa na kiwango maalumu cha asidi za boswelia. Asidi hizo zimo pia katika ubani wenu, lakini haziyeyuki vizuri katika maji: kinachoyeyuka zaidi ni ile gundi inayoyafanya yawe meupe, na sehemu kubwa ya asidi hubaki kwenye punje unazozitupa. Ukiamua kujaribu kapsuli, chagua zilizoandikwa kiwango cha asidi hizo, mwarifu daktari wako, na usipoona nafuu baada ya miezi miwili au mitatu, acha kuzinunua.