Vaa miwani kabla ya kurekodi

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kwamba ulirekodi video ukiwasha kiberiti kwa leza ya kijani ya mkononi bila miwani, maadamu huielekezi usoni. Ubaya upo. Leza ya kuwasha kiberiti huzidi mno miliwati 5, kikomo cha kawaida cha nguvu ya leza za kuonyeshea, na mwale ukigonga kioo cha saa au kichwa cha skrubu unakurudia jichoni kabla hujapepesa. Tena leza nyingi za kijani za bei rahisi huvujisha infraredi, mwanga usiouona kabisa. Tafuta miwani ya kukinga leza iliyoandikwa nanomita 532, urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, pamoja na 808 na 1064 za infraredi. Ya jua haikingi. Halafu, watoto wanaokutazama wataiga kila kitu. Futa hiyo video, urekodi nyingine ukiwa umevaa, na uwaonyeshe maandishi ya miwani kwa karibu.