Kyoto: panda treni, malizia kwa miguu

Wageni wengi wanaofika Kyoto, Japani, hukimbilia mabasi ya jiji, na si ajabu. Treni za chini ya ardhi zina njia mbili tu, Karasuma ya kaskazini hadi kusini na Tozai ya mashariki hadi magharibi, ilhali mabasi yanafika karibu kila hekalu. Hata hivyo, nimeuzunguka mji huo msimu wa maua ya micheri na tena msimu wa majani mekundu, na ninachowaambia ndugu na marafiki ni hiki: basi liwe la mwisho.

Aprili na Novemba, mabasi ya kuelekea hekalu la Kiyomizu-dera hujaa pomoni. Mgeni atachelewa tu picha zake. Lakini yule bibi anayetoka hospitalini na fimbo yake mkononi ataliacha basi lipite, asubiri lingine, na hilo nalo limejaa. Jambo hili linaniuma, maana njia nyingine ipo na ni ya haraka zaidi.

Kwenye stesheni kuu, panda treni ya JR (shirika la reli la Japani) ya njia ya Nara. Kituo cha kwanza ni Tofukuji. Hapo hapo unahamia treni za kampuni ya Keihan, ambazo hufuata mto Kamo. Chagua ile inayosimama kila kituo. Shuka Kiyomizu-Gojo kwa ajili ya Kiyomizu-dera (ujiandae kupanda kilima), au Gion-Shijo kwa mitaa ya kale ya Gion. Ukitaka Fushimi Inari, usishuke Tofukuji. Kituo kinachofuata ni Inari, na ukitoka tu unaliona lango jekundu la hekalu ng'ambo ya barabara.

Kutembea Kyoto ni raha, na kupotea si rahisi. Mji ulianzishwa mwaka 794 kwa kuiga ramani ya Chang'an, mji mkuu wa China wa zama hizo, kwa hiyo barabara zake nyingi zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Barabara kuu kadhaa zinazokwenda mashariki na magharibi zina namba: Sanjo ni ya tatu, Shijo ya nne, Gojo ya tano, na namba inapanda kadiri unavyoelekea kusini. Ukichanganyikiwa, tazama milima. Iko kaskazini, mashariki na magharibi. Upande ulio wazi ndio kusini.

Kama una asubuhi moja tu, shuka Keage kwenye njia ya Tozai, tembea hadi hekalu la Nanzen-ji, kisha ufuate Njia ya Mwanafalsafa kando ya mfereji, kama kilomita 2, hadi hekalu la Ginkaku-ji. Nenda mapema, kabla ya makundi.

Hekalu la Kinkaku-ji ndipo basi halikwepeki, lakini hata huko anza na treni ya Karasuma hadi Kitaoji, ndipo udandie basi. Konda hakuna. Unaingia mlango wa nyuma, unalipa unaposhuka mlango wa mbele, yeni 230 popote ndani ya eneo la jiji. Kadi ya nauli ya kuweka salio, kama ICOCA au Suica, inatosha kuigusisha kwenye mashine. Wa fedha taslimu abebe sarafu au noti za yeni 1,000, kwani mashine iliyo karibu na dereva haivunji noti ya 10,000. Masanduku makubwa yaache kwenye makabati ya kulipia pale stesheni.