Nguo ya usiku ni ya usiku: siku saba Rwenzori

Kabla ya kwenda milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, nilifanya mazoezi miezi miwili, napanda na kushuka vilima vya Kampala kila alfajiri kama mtu aliyetumwa. Miguu haikunisumbua hata kidogo. Kilichonitesa ni kulowa.

Tulipita njia ya mzunguko inayoanzia Nyakalengija, upande wa Kasese. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Nyabitaba, mita 2,651, wa pili John Matte, wa tatu Bujuku, karibu mita 4,000. Ukitoka John Matte unaingia kinamasi cha Bigo, na hapo utajua kwa nini kila mtu alikuambia uje na gambuti, yaani buti za mpira. Viatu vyangu vya ngozi, vya bei mbaya, vilibebwa na mpagazi siku tatu bila kuguswa. Nunua gambuti iliyozidi mguu wako namba moja ili soksi mbili ziingie.

Sasa nguo. Beba seti mbili tu za maana: ya kutembelea, ambayo italowa siku ya kwanza na haitakauka tena, na ya kulalia, ambayo inakaa ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili zilizofungwa vizuri. Ugumu uko asubuhi. Unatoka kwenye joto, unavua kavu, unavaa suruali mbichi yenye baridi ya chuma. Siku ya tatu nilishindwa, nikaondoka na zile kavu. Kufika saa sita mchana zote zilikuwa zinachuruzika, na jioni pale Bujuku nilikaa natetemeka hadi mwongozaji wetu akanivulia sweta lake. Ni Mkonzo, mwenyeji wa milima hii, mtu mzima, Kiswahili chake cha upande wa Kongo kwa sababu ya biashara za Mpondwe, mpakani. "Dada yangu," akasema, "nguo ya usiku ni ya usiku." Nikamjibu, "Asante, mzee," na sikurudia.

(Tulikwenda Julai, miezi inayoitwa ya kiangazi. Mvua ilinyesha siku tano kati ya saba.)

Watu hawakuambii kwamba jioni ni ndefu kuliko safari yenyewe. Unafika saa tisa, kazi imekwisha, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Ukikaa kupiga soga na nguo mbichi umekwisha. Badilisha kwanza, kisha chai, kisha kula, hata kama hutaki. Mimi kuanzia Bujuku harufu ya posho, yaani ugali, ilinichefua, nikaishi kwa supu na karanga nilizobeba kutoka nyumbani. Simu na betri za tochi lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inazimaliza bila kuzitumia.

Kichwa kikiuma, sema. Mimi nilinyamaza kwa aibu. Wenzangu wote walikuwa wanacheka na kula. Kule kambi ya Elena, mita 4,541, mzee aliona kikombe changu cha chai kimepoa bila kuguswa, akaniuliza moja kwa moja, nikakiri. Saa nane usiku wenzangu walifunga vyuma vya barafu viatuni wakaenda Margherita, kilele cha juu kabisa, mita 5,109, mimi nikabaki nasikiliza upepo. Uamuzi ulikuwa sahihi. Bado unaniudhi kidogo, sitadanganya.

Jambo jingine: wapagazi. Wanaondoka nyuma yako, wanakupita na mzigo mgongoni, ukifika wanakusalimia wamekwisha kuwasha moto. Beba noti ndogo ndogo tangu Kasese, umpe kila mmoja mkononi siku ya mwisho. Mwulize mwongozaji kiasi kabla hamjaanza kupanda, siyo mkiwa getini watu wote wanawatazama.

Tulipofika kambi ya Guy Yeoman, tukishuka, jua lilitoka kwa muda wa kama saa moja hivi. Hakuna aliyepiga picha ya mlima. Kila mtu alikimbilia kuanika soksi.