Nguo au fedha kwa wakimbizi wa Sudan walioko Chad?

Ndugu, umeuliza kama mkusanye nguo na vyakula kwa ajili ya Wasudani waliokimbilia Chad. Nawasihi mtume fedha, kupitia shirika ambalo tayari linafanya kazi huko. Chad haina bahari. Mizigo mingi hushushwa bandari ya Douala, nchini Kamerun, kisha husafiri kwa malori hadi mji wa Adré, mpakani na Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan, ambako mvua za msimu hujaza makorongo na kukata barabara. Wengi waliovuka tangu vita vilipoanza Aprili 2023 ni wanawake na watoto, na mama aliyefika mikono mitupu, mtoto mgongoni, anahitaji maji safi, dawa na uji wa lishe leo hii, si marobota yatakayochelewa njiani.