Eksirei safi, goti bovu

Niligeuka tu, hakuna aliyenigusa. Mguu wa kulia ulikuwa umekita mchangani, mwili ukaenda kushoto kuufuata mpira, na ndani ya goti kikalia kitu, "ko!", kama kijiti kikavu. Kufika magharibi goti lilikuwa limejaa kama embe dodo.

Usiku ule nikaitiwa mzee wa kuchua, akanikanda kwa mafuta ya moto. Usikubali. Goti linalovimba ndani ya saa chache baada ya mlio kama ule mara nyingi limejaa damu, na joto na kukandwa huzidisha uvimbe. Barafu ndani ya kitambaa, bandeji, mguu juu ya mto, basi.

Kesho yake eksirei: "Mifupa iko sawa, ni mshipa umevutika." Nilifurahi bure. Eksirei haionyeshi kano. Na sisi nasi kila cha ndani tunakiita mshipa! Kinachofunga mfupa wa paja na wa muundi ni kano, na kubwa za goti ni 4. Mbili ziko kando, ndani na nje, zinalizuia goti lisilale upande. Mbili zimepishana katikati: ya nyuma, iliyo nene zaidi, huuzuia muundi usirudi nyuma, ya mbele huuzuia usichomoke mbele, wala usijipinde ukigeuka.

Wiki 3 baadaye uvimbe ulikuwa umepungua, ila nikishuka ngazi goti linaniachia. Mtaalamu wa fiziotherapia akanilaza, akalikunja kidogo tu, akashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi kwa mwingine. Ukaja kama droo. Wa mguu wa pili, usioumia, ulisogea kidogo, ukagota. Sikuhitaji kuelezwa kwamba kano ya mbele imekatika, MRI, picha inayoonyesha hata kano, ilithibitisha tu.

Kano ya kando ya ndani mara nyingi hupona bila kisu. Ya mbele ikikatika kabisa mara nyingi haiungani vizuri yenyewe, ndiyo maana wengine hupandikizwa nyingine, kwa mfano kutoka misuli ya nyuma ya paja. Ukipandikizwa, uwanjani usirudi kabla ya miezi 9, hata kama goti halikuumi.

Mimi sikupasuliwa. Nilijenga misuli ya paja kwa miezi, kuchuchumaa na kupanda kigoda kila asubuhi. Sasa nakimbia, lakini njia iliyonyooka. Chandimu naitazama nikiwa nimekaa.