Kuchaguliwa mapema NBA si hakikisho

Ndugu, nimekuelewa: mdogo wako ana miaka 17, hatajwi popote, na anataka kuacha kikapu kwa kuwa anaamini nyota wote wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, huchaguliwa mwanzoni mwa drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

Nafasi za juu zina maana, tusidanganyane. Tim Duncan (1997) na LeBron James (2003) wote walichaguliwa wa kwanza. Lakini mkalishe umweleze ya 2009. Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa 2. Stephen Curry akasubiri hadi wa 7, na baadaye akawa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, mara mbili. Sisi tuliomshangilia Thabeet ilituuma hasa alipokosa kung'ara, ila simlaumu: timu zilivutiwa na urefu wake, ila kuusoma mchezo hakupimwi kwa futi. Mwaka 2013 Anthony Bennett alikuwa wa 1 na hakung'ara; Giannis Antetokounmpo, wa 15, ndiye aliyekuwa nyota. Nikola Jokić, 2014, wa 41! Ana MVP tatu.

Vijana ninaowafundisha huwaambia warekodi mechi nzima, si vikapu vya kuvutia tu, kisha tukae tuangalie ulinzi na pasi. Naye aanzie hapo. Shule asiiache, kwani vyuo vya Marekani hutazama matokeo ya darasani pia. Wakala akitanguliza kudai pesa, mkimbieni. Na goti likiuma wiki nzima, mpeleke kwa daktari, asichuliwe mtaani.