Mwanafunzi wa fildi apewe kazi inayosubiriwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwanafunzi wa chuo kikuu anayekuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika taasisi ya afya, anaisaidia taasisi au anaiongezea mzigo? Nimewahi kuwa mwanafunzi huyo, na sasa ni mimi ninayempokea, yote hapa hapa Kigoma. Kwa niliyoyaona, anasaidia pale anapopewa kazi ambayo kuna mtu anaisubiri. Asipopewa atakuwa mzigo hata awe na akili kiasi gani, na kosa si lake.

Nilikuwa mwaka wa pili nikisoma takwimu. Sikuwa na mkopo, kwa hiyo mama aliuza mbuzi wawili nipate nauli na kodi ya chumba. Nikapanda treni Dodoma, nikashuka mwisho wa reli na begi moja. Nilikuwa nimepangiwa shirika la afya mjini Kigoma. Barua yangu ya utambulisho ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye faili, na mapokezi yakaishia hapo. Kwa wiki nne nilitoa kopi na kupeleka mafaili chumba hiki hadi kile. Jioni niliandika kwenye daftari la kumbukumbu "nilishiriki shughuli za ofisi", na kila Ijumaa msimamizi alisaini bila kusoma. Hawakuwa watu wabaya. Walinikaribisha chai kila siku na kuniuliza habari za nyumbani. Ila hakuna aliyeambiwa nimekuja kufanya nini, na kila nikikumbuka wale mbuzi wa mama roho iliniuma.

Wiki ya tano niliomba kuhamishwa. Nikapelekwa zahanati ya kijiji kimoja kando ya ziwa, kaskazini mwa mji, mahali panapofikika kwa boti. Watumishi walikuwa watatu. Muuguzi, mama wa makamo, alinipokea akiwa bado amevaa glavu.

"Mwanangu, unasoma nini huko chuoni?"

"Takwimu, Mama."

"Basi keti hapa. Ripoti yangu ya mwezi wa nne inasema malaria imepungua kwa nusu, na mimi mwezi ule sikupata hata muda wa kula mchana. Nitafutie wagonjwa wangu walikopotelea."

Wasomaji wengine huenda hawajui vitabu vya MTUHA. Ni ule mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Kila mgonjwa wa nje anaandikwa mstari wake: tarehe, jina, umri, jinsi, anakoishi, majibu ya kipimo, ugonjwa aliokutwa nao, dawa aliyopewa. Mwezi ukiisha mistari hiyo inahesabiwa, inajazwa kwenye fomu, na ripoti inatakiwa ifike wilayani kabla ya tarehe 7. Huko inaingizwa kwenye kompyuta, na kuanzia hapo wilaya, mkoa na wizara wanakijua kijiji chako kwa namba hizo tu. Kazi hii ya kuhesabu huifanya muuguzi yule yule anayezalisha, anayechanja na anayefunga vidonda. Mara nyingi huifanya usiku.

Nilihesabu siku tano, meza ikiwa dirishani, dagaa wameanikwa mchangani nje. Nikagundua kwamba kitabu cha zamani kilijaa tarehe 19 Aprili, na kipya kikaanza kesho yake. Aliyejumlisha mwezi ulipoisha alifungua kitabu kipya tu. Siku 19 za wagonjwa hazikuwahi kuhesabiwa, na huo ulikuwa msimu wa mvua.

Nikakuta na jingine ambalo mpaka leo huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Mtoto wa miezi tisa alikuwa akiandikwa "9" tupu kwenye safu ya umri. Anayehesabu anasoma miaka tisa, mtoto anatoka kundi la walio chini ya miaka mitano, na kwenye ripoti watoto wachanga wanaonekana hawaugui. Dawa mseto ya malaria hutolewa kwa uzito: mtoto mdogo kabisa anapata pakiti ya vidonge 6, mtu mzima 24. Mtu anayepanga mahitaji ya dawa za watoto kwa kuangalia ripoti kama ile atakosea bila kujua amekosea wapi. Kurekebisha kosa hilo ni rahisi: miezi tisa inaandikwa 9/12. Muuguzi yule alikuwa anajua hivyo tangu chuoni kwao, ila kazi hiyo aliifanya peke yake kwa muda mrefu na foleni ilikuwa ndefu. Alichukua kalamu nene, akaandika kwenye jalada la kitabu cha zamani: KINAENDELEA KINGINE, HESABU VYOTE. Ripoti ikarekebishwa wilayani. Zile ndizo wiki nne zilizonifanya nichague kubaki kwenye afya.

Leo natunza kumbukumbu katika kituo cha afya wilayani Kasulu. Kabla mwanafunzi hajafika, nakaa na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, tunaandika swali moja ambalo kituo kinalihitaji jibu, na jina la mtumishi atakayelisimamia. Si lazima mwanafunzi awe wa udaktari. Aliyesoma uhasibu tulimpa madai ya bima yaliyorudishwa, atuambie ni mangapi yalirudi kwa kukosa saini na mangapi kwa kuandika vibaya namba ya kadi. Aliyesoma ustawi wa jamii alikaa dirisha la malipo, akaangalia ni wazee wangapi wa miaka 60 na zaidi, wasio na uwezo, wanaolipa pesa kwa kuwa tu hawajui kwamba sera inawapa msamaha. Mambo hayo tulikuwa tunayahisi siku zote, ila hatukuwa na mtu wa kukaa nayo wiki mbili mfululizo.

Mzigo upo, siukatai. Mwanafunzi anauliza sana wiki ya kwanza, na mtumishi mwenye foleni ya watu arobaini hana subira. Lugha nayo: bibi wa kijijini anayesema Kiha pekee hatamjibu mgeni anayemsomea maswali kwenye karatasi. Nawaambia waanze kwa kujifunza kuamkia "mwakeye" asubuhi, kisha wamwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii aongozane nao.

Jambo ambalo silegezi ni siri ya mgonjwa. Mwanafunzi mmoja nilimkuta anapiga picha kurasa za rejesta kwa simu yake ili akahesabu chumbani. Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini kijiji ni kidogo na majina yote yapo pale, na simu ile ile inapokewa na rafiki, inapelekwa kwa fundi, inauzwa. Tulikaa akafuta zote mbele yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, lakini vyuo vinawatuma vijana bila hata kuwasomea ukurasa mmoja. Kwangu sasa siku ya kwanza ni ya hilo tu, na vitabu vya huduma ya wenye virusi vya Ukimwi mwanafunzi wa fildi havigusi.

Kwa vyuo nina ombi. Barua zenu zinasema "mpokeeni mwanafunzi wetu", basi. Hazisemi anajua nini wala anaweza nini. Na mwalimu wa kukagua, akija Kigoma, anaishia mjini. Aliyeko wilaya ya mbali kama Kakonko anapigiwa simu. Najua ni mbali, kutoka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika mkoa huu, na wengi wao hutibiwa kwenye vituo ambavyo mwalimu wa chuo hajawahi kuvikanyaga. Vilevile msiwarundike vijana wote kwenye mashirika ya kambi za wakimbizi kwa sababu jina la kambi ya Nyarugusu linapendeza kwenye wasifu. Wengine humaliza fildi wakisubiri kibali cha kuingia.

Julai hii nategemea wanafunzi wawili. Swali la kwanza tumeshaliandika: kina mama wengi wanaanza kliniki ya wajawazito kwetu, lakini siku ya kujifungua hatuwaoni. Wanakwenda wapi, na kwa nini? Rejesta ya kliniki na ya wodi ya wazazi nimeziweka kabati moja, na mkunga wetu amekubali kusimamia. Chumba cha kulala kipo kwa mama mmoja jirani, amekipaka chokaa wiki iliyopita.

Msomaji wenu, Kasulu, Kigoma